Testament, Live at Eindhoven: uzoefu wangu na santuri ya nyimbo tano

Mnunuzi ajue kwanza anachonunua: hii ni santuri ya nyimbo tano za bendi ya Testament zilizorekodiwa jukwaani, haifiki nusu saa, na hujamaliza kikombe cha chai kabla haijakulazimisha uinuke kuigeuza. Kuna watakaosema wameibiwa. Mimi nimeipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia haihusiani na ufupi. Ufupi ndio unaoifanya ipige vile inavyopiga.

Niliipata mtumba hapa Uholanzi ninakoishi, kwenye gulio la santuri ambako wazee wenye nywele ndefu za mvi huuza ujana wao kwa bei ya kuzungumzika. Jalada lilikuwa limechakaa pembeni, sahani yenyewe ina mikwaruzo midogo isiyorusha sindano. Wimbo wa kwanza nilikuwa naujua kwa miaka mingi kupitia rekodi ya studio. Nilidhani nanunua kumbukumbu tu, kitu cha kuweka rafuni.

Kwa asiyewafahamu, Testament ni bendi ya thrashi kutoka eneo la Ghuba ya San Francisco, California. Thrashi ni lile tawi la metali, yaani roki nzito, lililochipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana walipochukua gitaa zito la bendi za Uingereza wakalipa mbio za panki. Bendi ya Exodus ilitoka huko huko, na ya Metallica ilihamia huko. Testament kwanza walijiita Legacy. Mwaka 1986 mwimbaji wao Steve Souza alikwenda Exodus, nafasi yake akaichukua Chuck Billy, pande la mtu, mwenye asili ya Wapomo, wenyeji wa California tangu kabla ya Wazungu. Jina Legacy nalo ikabidi waliache kwa kuwa lilikuwa na wenyewe, wakalifanya kuwa jina la albamu yao ya kwanza: The Legacy, iliyotoka mwaka 1987.

Sasa tazama kalenda. Albamu imetoka Aprili. Muda si muda wamepandishwa ndege kwenda Ulaya kufungua maonyesho ya bendi ya Anthrax, ambao nao mwaka huo huo walikuwa wametoa albamu ya Among the Living na walikuwa moto kweli kweli. Tarehe 8 Juni 1987, Jumatatu ya Pentekoste, wanapanda jukwaa la tamasha la Dynamo Open Air mjini Eindhoven. Hiyo ndiyo siku iliyorekodiwa. Bendi yenye albamu moja madukani, mpiga gitaa wa solo, Alex Skolnick, ana miaka 18, na hawajawahi kupiga muziki ng'ambo kabla ya safari hiyo.

Ukilijua hilo, unaisikiliza kwa sikio jingine. Bendi iliyokomaa ikirekodi jukwaani hujua itapumua wapi, huacha umati uimbe, hutania kidogo, hurefusha wimbo unaopendwa. Hawa hawana la kurefusha. Wanapiga kama watu walioambiwa umeme utakatwa. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nadhani Waholanzi wa siku ile walipona vya kutosha.

Over the Wall ndio unaofungua, kama ulivyofungua albamu. Ni wimbo wa mfungwa anayepania kuruka ukuta, na kwenye studio ulikuwa mkali lakini umenyooshwa vizuri, kila kitu mahali pake. Hapa gitaa la Eric Peterson linaingia likiwa na magamba. Kasi imepanda kidogo, si kwa mpango, ni mzuka wa jukwaani tu, na mpiga ngoma Louie Clemente anaonekana kuukimbilia wimbo badala ya kuuongoza. Nimesoma watu wakimlaumu Clemente kwa miaka mingi kwamba hakuwa na ufundi wa wapiga ngoma waliokuja baada yake. Huenda. Lakini kwenye rekodi hii ule uchache wake unasaidia: anapiga ngoma kavu, moja kwa moja, bila madoido, na gitaa mbili zinapata nafasi ya kuzungumza.

Kisha Skolnick anaingia na solo, na hapo niliinuka kitini. Huyu kijana alifundishwa gitaa na Joe Satriani, mpiga gitaa mashuhuri, na unasikia shule ndani yake. Wapiga solo wengi wa thrashi wa wakati ule walikuwa wanamwaga noti tu, nyingi na za haraka, kama ugomvi. Skolnick ana sentensi. Anaanza, anauliza, anajibu, anarudi nyumbani. Jukwaani, mbele ya umati wa kigeni, noti moja moja inateleza, mbili tatu hazifiki zilikokuwa zinakwenda, lakini sentensi haikatiki. Baadaye huyu aliiacha bendi mwaka 1992, akaenda kusomea jazi New York na kuunda kundi lake la watu watatu. Aliyeisikia solo hii mwaka 1987 kwa makini hakupaswa kushangaa.

Burnt Offerings kwangu ndio roho ya santuri. Una mwanzo wa taratibu, gitaa safi lisilo na mkwaruzo, na hapo ndipo unapogundua kwamba rekodi ni ya uwanjani kweli: kwenye utulivu ule hakuna pa kujificha. Unasikia hewa. Halafu uzito unashuka. Chuck Billy wa miaka hiyo aliimba kwa mayowe ya juu, makali, ya kupenya, tofauti kabisa na ule mngurumo wa kifuani aliokuja kujulikana nao kuanzia miaka ya 1990, hasa kwenye albamu ya Demonic ya mwaka 1997. Wanaomjua kwa sauti ya baadaye watashtuka. Mimi naipenda hii zaidi. Kuna mahali yowe linapanda hadi kama litavunjika, halivunjiki, na sijui alilitoa wapi baada ya siku zote zile za basi na usingizi wa vipande.

Do or Die ni wimbo wa kuitikiana, na hapa nilicheka peke yangu. Kiitikio kile cha kupiga kelele kwa pamoja ni mchakamchaka wa shule ya msingi kabisa, alfajiri, viatu vyenye vumbi, mmoja anaita na kundi linajibu. Si wimbo bora wa bendi hii. Jukwaani unatosha.

Apocalyptic City nilitegemea ungekuwa ndio kilele, maana kwenye albamu ndio unaofunga, mrefu, wenye sura nyingi, picha ya mji uliokwisha kuangamia. Hapa uko upande wa pili wa santuri na, nisifiche, unanipa shida. Sehemu zake za kati zinahitaji nafasi, kila chombo kisikike kwa upekee wake, na mchanganyo wa sauti wa rekodi hii haukuwa na nafasi hiyo. Besi ya Greg Christian, ambaye ni mpigaji mzuri sana, inazama. Kwenye spika zangu kubwa naihisi zaidi ya kuisikia. Kwenye visikilizi ni afadhali, ila bado. Hapo ndipo nyota ya tano ilipobaki.

Reign of Terror unafunga, na huu ni zawadi kwa mkusanyaji: haukuwemo kwenye The Legacy. Ni wimbo wa kasi, wa zamani katika maisha yao. Mfupi wa hoja, mkali, umekwisha.

Nirudi kidogo kwenye mji, maana wengi hapa wanaijua Eindhoven kwa sababu ya mpira tu. PSV ni klabu iliyoanzishwa na kampuni ya Philips mwaka 1913, na mwaka mmoja baada ya onyesho hili, 1988, ikachukua Kombe la Ulaya. Lakini Philips hao hao ndio walioileta duniani kaseti ndogo mwaka 1963, na bila kaseti thrashi isingetembea. Kabla ya mikataba na kampuni za muziki, bendi hizi zilirekodi nyimbo za majaribio kwenye kaseti, vijana wakazinakili nyumbani na kutumiana kwa posta kutoka California hadi Ujerumani, Brazili, Uholanzi. Testament wenyewe, wakiitwa bado Legacy, walikuwa na kaseti yao ya namna hiyo tangu 1985. Kwa hiyo bendi ya albamu moja inapofika Ulaya na kukuta watu tayari wana hamu, si muujiza. Mimi ninayetoka Tanga, niliyekulia kwenye kaseti za kunakiliwa za taarabu na dansi, nauelewa utaratibu huo bila kuelezwa. Tamasha lenyewe la Dynamo lilikuwa changa wakati ule, limeanza mwaka 1986 tu kutokana na kituo cha vijana cha jina hilo hilo mjini. Kufikia 1995 lilivuta watu zaidi ya laki moja. Rekodi hii ni ya siku za utoto wake, na kwenye sauti ya umati unasikia hivyo: si ule mvumo wa bahari wa viwanja vikubwa, ni watu unaoweza karibu kuwatofautisha.

Swali ambalo mnunuzi atauliza: ninunue hii au toleo refu? Mwaka 2009 ilitoka Live at Eindhoven '87, yenye nyimbo zaidi kutoka siku ile ile. Nimezisikiliza zote mbili. Ukitaka kujua onyesho zima lilivyokuwa, chukua ya 2009, ni rahisi kuipata na pesa yako inapata muda mwingi zaidi. Ukiniuliza mimi ninayoiweka mara nyingi, ni hii ya nyimbo tano. Yule aliyezichagua mwaka 1987 alijua anachofanya. Toleo refu linakuonyesha pia pale walipochoka, na hilo lina thamani yake kwa mwanahistoria, ila si kwa mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni akitaka kupigwa makofi mawili matatu ya muziki kabla ya kupika.

Kuna pia Live in London ya mwaka 2005, ambapo kikosi hiki cha zamani kilikutana tena baada ya miaka mingi. Katikati hapo Chuck Billy alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani mwaka 2001 na akapona, na wenzake wa zamani wa Ghuba walikuwa wamefanya onyesho la kumchangia matibabu. Ukisikiliza rekodi zote mbili mfululizo, ya London imepigwa vizuri zaidi kwa kila kipimo. Mikono imetulia, sauti imechanganywa kwa ufundi, solo hazikosei. Naiheshimu. Ya Eindhoven ndiyo ninayoirudia.

Onyo moja la kiufundi kwa wanaonunua mtumba. Kagua upande wa kwanza chini ya taa kabla ya kulipa, maana ndio uliochezwa zaidi na kila mwenye santuri hii, na Burnt Offerings inaanza kwa utulivu ambao mkwaruzo mmoja tu unauharibu. Muuzaji wangu alikubali niisikilize kwanza kwenye mashine yake. Akikukatalia, acha. Na usiiongezee besi kwenye amplifaya kwa matumaini ya kumfufua Greg Christian, nimejaribu, kinachopanda ni ngoma kubwa tu na jirani wa chini.