TAHADHARI kwa mnaotafuta pevingi (tofali za zege za kutandika njia): huyu kaka kanipiga mchana kweupe, asije akawapiga na nyie

Jamani naandika hii hasira zimenijaa mpaka kooni na aibu juu, maana nilijitapa humu kwamba njia ya getini mpaka barazani naitandika mwenyewe, picha za koleo mliziona, mkanipigia makofi. Na fundi sikutaka, yaliyonikuta kwa yule fundi wa tanki sirudii.

Sasa msiseme nilinunua kwa simu. Nilienda! Jumamosi asubuhi nikakanyaga pale njia ya Madale, vijana wanafyatua tofali, mashine inanguruma, mifuko ya saruji imepangwa, na huyu kaka muuzaji ana kitabu cha risiti chenye muhuri. Kaka mpole, shikamoo mama mara mbili, akanivutia kiti cha plastiki akakipangusa kwa kofia yake mwenyewe. Akaenda rundo la mbele akachukua pevingi moja, ya kijivu iliyokolea, akainyanyua mpaka kifuani akaiachia kwenye zege. Pwaa! Haikumeguka hata ncha. Akanipa mbili, "gonganisha mwenyewe mama, usikilize." Nikagonganisha zikalia ting kama chuma, na mimi huyo nacheka kama nimeshinda bahati nasibu.

Halafu akaanza kunifundisha. Chimba sentimita 20, weka moramu (udongo wa changarawe), mwagia maji kidogo ushindilie kwa awamu, usiweke yote kwa mkupuo. Juu yake mchanga sentimita 4, huo usiushindilie, laza mabomba mawili pembeni uvute ubao juu yake upate usawa. Kila mita mteremko sentimita 2 maji yaende mbali na ukuta. Funga kingo kwa zege la sivyo zitatawanyika. Nusu nzima ya saa, bure, na akanikataza kabisa fundi, "kazi hii unaiweza mama, fundi atakula hela yako tu." Mtu wa hivyo utamdhaniaje mwizi? Na kinachoniuma nimeuliza baadaye, yote aliyosema ni kweli!

Njia yangu mita 12 kwa mita moja na robo, mita za mraba 15, pevingi za 20 kwa 10 zinaingia 50 kila mita, jumla 750. Wauzaji wengine waliniambia 22,000 kwa mita ya mraba, yeye 16,000. Nikatuma 240,000 palepale nimekaa kwenye kile kiti, na 30,000 ya usafiri, yote, kabla sijaona mzigo. (Baba watoto anajua nililipa nusu, mkikutana naye naomba mnyamaze.)

Mzigo ukaja saa moja usiku, umeme umekatika mtaa mzima, kirikuu moja (kale kapikapu kadogo), safari moja. Vijana wawili wanashusha kama wanafukuzwa, dereva anapiga honi, wakapanga rundo zuri refu, wakanihesabia upande wa mbele na wa ubavuni na kimo, wakazidisha, 750 hiyo mama, nikasaini kwa tochi ya simu. Niligusa nikaona zina unyevu nikampigia, akasema nimezimwagilia mama, zege lazima linywe maji. Na kweli zege linamwagiliwa! Nikasema moyoni huyu kaka yuko makini.

Kesho yake napangua, kumbe katikati ya rundo kuna shimo naweza kuingiza ndoo. Nimehesabu mara tatu, 498. Napiga simu, "zilizobaki Jumanne mama." Na mimi nikaendelea kutandika! Wikendi mbili nimepiga magoti, nyundo ya mpira mkononi, uzi umevutwa, mgongo unawaka.

Mvua ikanyesha usiku mmoja. Asubuhi kijana wa gesi akatua mtungi, zikakatika tatu kama biskuti kwenye chai. Nikakwangua kwa ufunguo, unachimba kama sabuni ya mche. Nikaleta tepu, unene sentimita 4 na nusu, tulikubaliana 6. Jumanne yake mpaka leo haijafika na simu haipatikani.

Nikarudi pale nawaka. Vijana wananishangaa, mama huyo sio wa hapa, ni dalali tu, anakuja na wateja. Kitabu cha risiti anatembea nacho kwenye begi! Zile alizonigonganishia ndio za pale, za kwangu katoa anakojua yeye.

Nimeandikisha polisi, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, lakini kusema kweli RB hainitoshi. Mtu kama huyu afungwe, na akitoka akabidhiwe koleo azing'oe zote 498 moja moja kwa kucha, jua la saa nane, na watoto wangu wakimhesabia kwa sauti. Alikula hela ya mwanamke aliyepiga magoti kwenye mchanga wikendi mbili!

Haya mnaoniuliza ningejuaje, sijui, mengine ndio nayaona leo. Fundi jirani kaniambia 750 za sentimita 6 zinakaribia tani mbili, kirikuu ingelala chini, ile ilikuja inaruka mashimo. Rangi ya zilizokuja ilikuwa imepauka kuliko za mbele. Zilikuwa mbichi, nadhani za siku mbili tatu. Gonganisha zilizoletwa kwako, sio zile za kwake. Na usipokee mzigo gizani basi, hesabu zikishuka.

Namba yake nampa atakayeniomba inbox. Kanizuia kupiga, ila dada yangu bado anaona status zake, asubuhi hii kaweka picha ya rundo lile lile la mbele na kuandika mzigo wa mteja wa Mbezi unatoka leo jioni. Wewe wa Mbezi, kama unasoma hapa na hujatuma hela, usitume.