Hill's t/d (chakula kikavu cha kusafisha meno) ya mbwa wadogo: nimemlisha Pipi miezi mitano, majibu haya hapa

Pipi wangu ni chotara wa Maltese, ana kilo 4 na miaka mitano, na toka tumemchukua alikuwa anakula chakula cha mbwa wa kibongo kama wote, ugali laini na supu ya dagaa, Jumapili kichwa cha kuku. Mwaka jana ikafika mahali akikupandia mapajani unageuza shingo. Mdomo unanuka kama ndoo ya samaki iliyosahauliwa juani jaman. Siku moja nikambeba mpaka dirishani penye mwanga nikanyanyua mdomo wa juu mpaka kule nyuma, magego yamevaa ukoga wa kahawia kama kutu ya bati na ufizi juu yake una mstari mwekundu. Chonge za mbele zinang'aa tu, ndo maana sikuwahi kushtuka.

Nikakimbilia supamaketi nikanunua vijiti vya kijani vya kutafuna, jina sivitaji. Kijiti cha kwanza kaking'ata mara mbili kameza, mimi hata mfuko sijafunga. Pakiti tatu ziliisha hivyo hivyo.

Daktari wa mifugo alicheka kidogo. Akanambia ukoga unaanza kukauka ndani ya siku mbili tatu tu kwa madini ya kwenye mate, na ukishakuwa jiwe hamna chakula kitakachoutoa, hasa ule uliojificha chini ya ufizi. Ikabidi Pipi alazwe usingizi asafishwe, magego mawili ya kulia yakang'olewa, mbwa ana meno 42 kwahiyo kabaki na 40. Halafu nikajua kumbe hawa wadogo ndo wanaoongoza kwa huu ugonjwa, kwa sababu kataya kadogo lakini idadi ya meno ni ile ile ya mbwa wa polisi, yamebanana humo kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni.

Sasa chakula chenyewe, hiyo t/d. Nilipofungua mfuko nikadhani nimepewa cha mbwa mkubwa, maana hata hii ya Small Bites, yaani ya punje ndogo, punje zake ni nene kuliko biskuti za mbwa nilizozoea kuziona. Nikachukua punje moja ya kawaida nikaibonyeza na ukucha, ikapasuka vipande. Ya t/d ukucha ulizama ndani taratibu na punje haikuvunjika, na siri yote iko hapo. Zile nyuzi za ndani zimepangwa ili jino lizame mpaka karibu na ufizi kabla punje haijaachia, hivyo inalifuta jino pembeni kama vile umelisugua kwa kitambaa. Biskuti ya kawaida inavunjika kwenye ncha tu, kwahiyo ule usemi wa "mpe kikavu kitamsafisha meno" mie siuamini tena. Hii ina muhuri wa VOHC, baraza la Marekani linalopitia majaribio ya bidhaa za meno ya mbwa na paka, nawe ukinunua kitu chochote cha meno tafuta huo muhuri kwanza kabla hujasoma maneno matamu ya kwenye mfuko.

Ukucha huo huo siku hizi napimia kila anachotafuna. Kama hauachi alama basi ni kigumu mno, kinaweza kupasua gego, na mifupa mikavu ya ng'ombe nimeitoa kwa mtindo huo. Mifupa ya kuku iliyopikwa ndo kabisa, inachanika kama sindano.

Kasoro zipo. Bei sio ya kitoto, mfuko mdogo hauvuki mwezi. Wiki ya kwanza Pipi alizitema akaniangalia kama nimemkosea, nikazichanganya kidogo kidogo na chakula chake cha zamani akazoea. Halafu inasafisha jino linalotafuna tu, yale ya mbele hayagusi kitu, kwahiyo mswaki uko pale pale, nambrashi jioni mara nne kwa wiki kwa dawa ya mbwa. Ya kwetu watu usimpe maana hajui kutema na zingine zina zailitoli, kile kitu cha kutia utamu, ambayo kwa mbwa ni sumu. (Jirani yangu ananisema eti mbwa anapigwa mswaki kuliko watoto wake. Sikubisha.)

Juzi nimemrudisha dirishani pale pale. Ufizi wa pinki, harufu ni ya mbwa tu sio ya soko la samaki la feri, magego ya kushoto meupe. Kulia kuna kamstari kembamba ka njano, nahisi kwa vile upande ule una mapengo hatafunii sana. Nyota 4, ya tano naishikilia mpaka huo upande wa kulia nao unyooke.