Metroid Prime Remastered: ukiiendea kama gemu ya risasi utaikosa

Wadau nimemaliza Metroid Prime Remastered, yaani ile gemu ya 2002 iliyochorwa upya, kwenye konsoli ya Switch kwa mara ya pili, safari hii nimekusanya kila kitu mpaka asilimia mia, na kabla sijaanza ya tatu naomba niseme yangu, maana kila watu wakiijadili hii gemu naona ubishi uleule, mmoja anaapa hajawahi kushika gemu kama hii, mwingine anasema kacheza masaa manne kapotea kazima konsoli na hajairudia tena. Mi nawaelewa wote wawili. Huyu wa pili mara nyingi aliingia akijua ni gemu ya kupiga risasi, kwasababu unaona kwa macho ya mhusika na mkono wa kulia ni mzinga, sasa ukija na akili hiyo utachoka mapema, risasi za mwanzo hazina nguvu, maadui uliowaua unawakuta tena ukirudi, na kukimbilia mbele tu hakukufikishi popote.

Nintendo wenyewe walipoitoa mwaka 2002 kwenye GameCube, konsoli yao ya enzi hizo, hawakuitangaza kama gemu ya risasi, walisema ni ya safari na kugundua mambo, ila kwa macho ya mtu wa kwanza. Na wakati ule watu walikuwa na hofu kweli. Metroid ilianza 1986, zote zilizopita unamuona Samus, mhusika mkuu, kwa ubavuni anakimbia kulia na kushoto, Super Metroid ilitoka 1994 afu ikapita miaka nane ya kimya, halafu unasikia kazi kapewa Retro Studios wa kule Austin, Texas, ambao hawajawahi kutoa gemu hata moja, na Miyamoto, mbunifu mkubwa wa gemu wa Nintendo, kawaambia waachane na kamera ya nyuma ya mhusika waingie ndani ya kofia. Ilipotoka ikapata alama 97 kati ya 100 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wachambuzi. Kwahiyo ubishi wa leo siyo wa ubora, ni wa nini unakitafuta humo ndani.

Hadithi fupi: Samus Aran, mwindaji wa kulipwa, anafuata ishara ya kuomba msaada mpaka kwenye meli ya maharamia wa anga inaitwa Orpheon, mambo yanaharibika, mlipuko unamvua karibu uwezo wake wote, anatua sayari ya Tallon IV akiwa na bunduki ya kawaida tu na njaa ya kujua kilichotokea. Mvua inanyesha. Hamna mtu wa kuongea naye mpaka mwisho wa gemu. Kuanzia hapo kila mlango, kila ukingo, kila tundu ni swali, na jibu lake liko sehemu nyingine ya sayari.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, ile kofia. Unacheza ukiwa ndani ya kofia ya Samus na gemu haikuachi usahau, ukitazama juu mvua inadondokea kwenye kioo matone yanateleza, ukipita kwenye mvuke kioo kinaingia ukungu afu kinasafika taratibu, na kombora likilipuka karibu yako mwanga unarudisha sura ya Samus kwenye kioo, yani kwa nukta moja unayaona macho yake mwenyewe yanashtuka. Mara ya kwanza niliposhuhudia hiyo nilisimama nikaanza kufyatua makombora ukutani kwa karibu nimtazame tena. Halafu baadaye sana ukipata kioo cha X-Ray ukaangalia mzinga wako unaona mifupa ya mkono wake ndani, na ukibadili silaha vidole navyo vinabadilika mkao. Hakuna anayekulazimisha uone hayo, mtu anaweza kumaliza gemu asijue yapo. Kuna mtu alikaa akafikiria mkono wa Samus unafanyaje kazi ndani ya chuma na akautengeneza kwa ajili ya yule mmoja atakayeangalia.

Na kuskani. Hapa ndo watu wanagawanyika kabisa. Unabonyeza, kioo kinabadilika, unashikilia kitufe juu ya kitu mpaka maelezo yatokee, na wengine wanasema hii inaua mwendo wa gemu, kila chumba unasimama kusoma. Mi nasema hadithi yote iko humo, ukiiruka umebaki na mahandaki na milango. Chozo, wale viumbe wenye umbo la ndege waliomlea Samus, waliishi Tallon IV kwa amani mpaka kimondo kikaanguka na sumu inaitwa Phazon, na ukisoma maandishi yao ukutani unaona watu wanaanza kwa kuandika mashairi ya miti na maji, afu sauti inabadilika kidogo kidogo, wanaona mambo yanaenda vibaya hawawezi kuondoka, mpaka maandishi ya mwisho ambayo yameandikwa na mtu ambaye akili haiko sawa. Unasoma hayo ukiwa umesimama kwenye magofu yao. Upande wa pili kuna kompyuta za maharamia, hao wanaandika kama wafanyakazi wanaoripoti kwa bosi, wanahesabu majaribio yao ya Phazon, na wanamuandika Samus kama jinamizi linalowawinda. Wamejaribu kuigiza silaha zake, nyingine wakafanikiwa, ila kile cha Samus kujikunja akawa mpira walipokijaribu kwa watu wao waliishia kuvunjika vunjika, wakaamua kuacha. Mimi baada ya kusoma hiyo kila nikijikunja kupita kwenye tundu nilikuwa najisikia tofauti.

Phendrana Drifts lazima niiseme. Unatoka Magmoor, mapango ya moto, masikio yamechoka na ngoma nzito, lifti inapanda, mlango unafunguka na mbele yako ni theluji, anga iko wazi na muziki wa Kenji Yamamoto unaingia laini kama mtu anapiga vioo kwa vidole. Wachezaji wengi ukiwauliza walipoipenda gemu watakutajia mlango huo. Mi nimeipenda zaidi saa mbili mbele ya hapo. Kwenye theluji hiyohiyo kuna maabara za maharamia, unaingia kukiwa na taa, unapigana chumba baada ya chumba, unapita matanki ya vioo yenye Metroid, wale viumbe hatari walioipa gemu jina, wanaelea ndani, unafika mwisho kabisa unachukua kioo cha joto, na ukikichukua tu umeme unakatika. Maabara nzima giza. Na njia ya kutoka ni ileile uliyoingilia, kwahiyo vyumba unavijua, unajua matanki yako wapi na nini kilikuwa ndani, na sasa unasikia vioo vinapasuka. Unawasha kioo kipya, maharamia wanaonekana kama madoa ya moto kwenye weusi, unarudi hatua kwa hatua. Hakuna video ya kukuambia ogopa. Ukubwa wake ni kwamba eneo ulilokwishaliona umelazimika kulijifunza upya kwa dakika kumi, na hicho ndicho gemu hii inachofanya kutoka mwanzo, inakurudisha ulipopita ukiwa na jicho jingine.

Mabosi, yani maadui wakubwa, nao wako hivyohivyo. Thardus, yule wa mawe, kwa jicho la kawaida humuelewi, mpaka umtazame kwa kioo cha joto ndo uone jiwe lipi la kupiga, Omega Pirate anapotea machoni unamfuata kwa X-Ray. Kulenga kwenyewe ni rahisi, unamloki adui na kuruka pembeni, na wale wanaolalamika kwamba kulenga ni rahisi mno nadhani wanapima kitu ambacho gemu haikijaribu kupima.

Kuhusu hii Remastered yenyewe. Ilitangazwa Februari 8, 2023 na siku hiyohiyo ikawa inapatikana kidijitali, hakuna aliyejiandaa. Picha zimechorwa upya karibu kila kitu, kuta za magofu, ngozi za viumbe, mwanga, na bado inakimbia fremu 60 kwa sekunde bila kutetereka. Kwa jicho langu inapendeza kuliko gemu nyingi mpya za Switch, kwasababu mpangilio wa 2002 ulikuwa tayari umefikiriwa vizuri, wao wameupaka rangi wakaacha mifupa kama ilivyo. Kilichonifurahisha zaidi ni kontrola. Ile ya GameCube ilikuwa stiki moja ya kutembea na kugeuka, ukitaka kutazama juu unashikilia kitufe unasimama, leo ukimpa mtu aliyezoea stiki mbili anaitupa ndani ya dakika tano. Sasa stiki mbili zipo, kuelekeza kwa kusogeza mkono kama kwenye konsoli ya Wii kupo, na ya zamani imeachwa kwa wazee wake. Mi natumia stiki mbili na naongezea kulenga kidogo kwa kugeuza kontrola, hapo nimepata raha kamili. Wakongwe wengine wanasema hii imerahisisha mapambano na ni kweli imerahisisha, lakini ugumu wa kupigana na kontrola sijawahi kuutamani hata siku moja. Anayetaka ugumu halisi, hali ngumu inafunguka ukishamaliza, na kwa anayetaka kutembea tu ipo ya Casual, ile nyepesi.

Makosa yapo na nitayasema maana mapenzi siyo upofu. La kwanza ni Phazon Mines, migodi ya maharamia. Kutoka kituo cha kwanza cha kusevu, yani kuhifadhi ulipofika, mpaka kinachofuata ni mbali sana, vyumba vinafuatana na maharamia wa kila rangi, afu unakutana na drone asiyeonekana, ukifa unarudi mwanzo kabisa. Mi nilikufa hapo mara tatu na ya tatu nilipoteza karibu dakika arobaini. Watu wanatetea kwamba hofu ya kupoteza ndo inaleta utamu, kwenye maabara ya Phendrana nakubali, hapa sikubali, hapa ni kurudia kazi uliyokwishaifanya. La pili ni mizimu ya Chozo. Mara ya kwanza wanatisha, taa zinafifia, muziki unabadilika, wanapotea na kutokea. Mara ya nane unataka kupita tu uende unakokwenda.

La tatu ndo linalosemwa na kila mtu, zile Artifacts 12, vitu vya kale vya Chozo vya kukusanya. Moja unaikuta kwenye hekalu lao, zilizobaki zimetawanyika sayari nzima na bila zote mwisho haufunguki. Aliyesubiri mpaka mwisho ndo anaanza kutafuta, anazunguka Magmoor kwenda na kurudi maana ndiyo inayounganisha kila upande, na hapo wengi wanaishia. Dawa yake ni kupita hekaluni kila unapokatiza Tallon Overworld, eneo la juu hekalu lilipo, skani zile nguzo, kila moja ina kidokezo cha chumba, andika pembeni. Nilipofanya hivyo mara ya pili nilibakiwa na mbili tu za kutafuta mwishoni na ile sehemu ikaniishia kwa nusu saa. Lakini gemu ilitakiwa kulisema hilo kwa sauti zaidi, siwezi kuitetea.

Na jingine siyo la kuchezea ila linaniuma. Majina ya waliotengeneza ile ya 2002 hayakuwekwa mojamoja mwishoni, wametajwa kwa jumla kama timu ya matoleo ya zamani. Yule aliyeuwaza ule mkono ndani ya mzinga alistahili jina lake lionekane kwenye skrini.

Sasa wewe uliyeiacha masaa manne ya mwanzo, najua karibu kwa hakika ulipokwama maana na mimi ndipo nilipokwama. Umepata Boost Ball, uwezo wa kuongeza kasi ukiwa mpira, kule kwenye theluji, umezunguka Phendrana yote, kila ukingo uko juu mno, unaona gemu imekufungia. Toka. Rudi Magmoor, panda mpaka Tallon Overworld, kule kwenye mvua meli yako ilipotua. Jirani na hapo kuna chumba kinaitwa Tallon Canyon, ulikipita ukiwa mgeni kabisa, sakafu yake upande mmoja imebonyea kama bakuli lililokatwa katikati na ulidhani ni mwamba tu. Jikunje uwe mpira, bonyeza Boost kulia, bonyeza kushoto, acha kasi ikupandishe mpaka juu kuna mlango. Ufuate, utakutoa kwenye ukingo ulio juu ya meli yako mwenyewe, na Space Jump, viatu vya kuruka mara mbili hewani, iko palepale.