Programu inayopongeza kosa: pago si pagó

Nimelipia usajili wa mwaka mzima wa programu hii ya simu ya kujifunza Kihispania, na nasema wazi: kwenye vitenzi vya wakati uliopita inapotosha watu. Zoezi linataka "alilipa bili". Unaandika pago la cuenta, unapewa tiki ya kijani na pointi zote. Pago ni "ninalipa"! Alilipa ni pagó, mkazo mwishoni. Umebadilisha mlipaji, umebadilisha wakati, na bado unapongezwa.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Baada ya siku kadhaa likaja jibu kavu: alama ya mkazo, kile kistari juu ya herufi, ni pambo, anayeanza asijali. Pambo? Kitenzi kinachoishia na -ar, kama hablar (kuzungumza), unakiondolea -ar, unaweka é, aste, ó, amos, asteis, aron, kwa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Ukiacha alama, hablé inageuka hable, yaani "zungumza" ya kumwamuru mtu kwa heshima, na habló inakuwa hablo, "ninazungumza". Kwa -er na -ir (í, iste, ió, imos, isteis, ieron) angalau kosa linajitangaza, maana comió ni "alikula", lakini comio si neno. Lakini -ar ndilo kundi kubwa kuliko yote!

Na sisi wa Kiswahili ndio tunaoumia zaidi. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ulimi unakwenda wenyewe kwenye HA-blo. Alama ile ndiyo breki yetu.

Niwape haki yao: sauti ni safi sana. Pia wanaeleza vizuri kwamba hablamos (tunazungumza) na vivimos (tunaishi) hazibadiliki, iwe sasa au jana, neno kama ayer (jana) ndilo linaloamua, ilhali comemos (tunakula) hugeuka comimos. Nilikuwa tayari kutoa nyota tatu.

Kisha nikafika kwenye kitenzi llegar (kufika). Nafsi ya kwanza ni llegué. U inaingia ili g ibaki g, isisomeke kama kh ya kheri. Ukisahau u, wanakukata pointi. Ukiandika llegue bila alama, unapita! Wanajua kusahihisha herufi moja, ya pili wanaiachia kwa makusudi.

Sikilizeni sauti zao, lakini mazoezi andikeni kwenye daftari. Kwenye simu, shikilia herufi o kwenye kibodi hadi ó itokee, uiteue. Nyota moja, na hiyo ni ya sauti.