Kujitolea na Wakichwa wa Napo: kijiji kinastahili sifa, wakala anahitaji kujirekebisha

Programu ninayoitathmini hapa huwapeleka watu wa kujitolea katika kijiji cha Wakichwa, jamii ya asili ya Amazoni, kilicho kando ya mmoja wa mito inayomwaga maji yake katika mto Napo, mashariki mwa Ekuador, ambako wageni hushiriki kazi za ujenzi asubuhi na kazi za kuhifadhi msitu mchana, au kinyume chake mvua inapolazimisha. Anayeuza nafasi ni wakala mwenye ofisi mjini. Wanaowapokea wageni, wanaowalisha, wanaowapangia kazi na watakaobaki na hasara kazi ikiharibika ni wanakijiji wenyewe, kupitia mkutano wao mkuu. Nimeona ni haki kuwatathmini kila mmoja kwa nafasi yake, kwa sababu msomaji anayefikiria kwenda anahitaji kujua fedha zake na nguvu zake zinaishia mikononi mwa nani.

Nianze na ujenzi, kwa kuwa ndio unaotangazwa zaidi. Kazi kubwa tuliyoikuta ilikuwa ukumbi wa mikutano wa kijiji: nguzo za mti mgumu zilizochimbiwa ardhini, sakafu iliyoinuliwa ili kuepuka unyevu na kutandikwa vipande vya pambil, mti wa jamii ya minazi ambao gamba lake la nje ni gumu na hupasuka kwa unyoofu, na paa la majani yanayokunjwa na kufungwa moja moja kwenye fito kabla ya fito hizo kupandishwa juu. Paa la namna hiyo hupewa mteremko mkali ili maji yasipate nafasi ya kutuama, na hudumu zaidi pale moto wa kuni unapowashwa chini yake mara kwa mara, kwa kuwa moshi huyakausha majani na kuwafukuza wadudu wanaoyatafuna. Ni ujenzi wenye elimu nyingi ndani yake, na kuutazama ukifanyika kwa karibu ni sababu tosha ya kusafiri.

Hata hivyo kijiji kiliamua kwamba jiko la shule liezekwe kwa mabati, na baadhi ya wageni walilalamika kwamba bati linaharibu mandhari. Katika hili niko upande wa kijiji kabisa. Mabati hukinga maji ya mvua ambayo yanaweza kuingizwa kwenye tangi bila uchafu wa majani, na katika mkoa ambao uchimbaji wa dhahabu usio na kibali umeichafua baadhi ya mito, maji safi ya kupikia yana uzito kuliko uzuri wa picha. Mnamo Februari 2022 vyombo vya dola vilivamia eneo la Yutzupino, kando ya mto Jatunyacu karibu na mji wa Tena, na kukamata zaidi ya mitambo 100 ya kuchimbia. Mtu aliyeishi jirani na uharibifu wa kiasi hicho ana haki ya kuamua maji ya watoto wake yatoke wapi. Mgeni anayekaa wiki chache hawezi kumchagulia mama mpishi paa la jiko lake.

Jambo lililonivutia zaidi, na ambalo huenda likawakatisha tamaa baadhi ya watu, ni namna fundi mkuu alivyogawa kazi. Wageni tulibeba. Tulibeba majani kutoka msituni kwa njia za utelezi, tulibeba mchanga na kokoto kutoka ukingo wa mto, tulimenya magome ya nguzo, tulichimba mashimo na kuchekecha mchanga. Kufunga majani kwenye fito hakukuruhusiwa kwa mtu yeyote ambaye hajakaa chini na wazee akajifunza fundo moja hadi likamridhisha fundi, na wengi wetu hatukufikia hapo. Kijana mmoja katika kundi letu alihisi amedharauliwa, kwani alilipa nauli na ada akitarajia kujenga, si kuwa mchukuzi. Ninamwelewa, lakini fundi alikuwa sahihi. Paa lililofungwa ovyo huvuja mwaka unaofuata, wakati aliyelifunga yuko kwao, na watakaoketi chini ya matone ni wale wale waliompokea. Katika jengo la majani na miti, kubeba ndiko kunakomaliza nguvu na muda wa watu wengi, na ndiko mikono isiyo na ufundi inakosaidia kweli bila kuharibu. Programu inayompa mgeni msumeno na timazi siku ya kwanza inamfurahisha mgeni kwa gharama ya jengo.

Kazi yote hupangwa kwa utaratibu wa minga, yaani ujima wa Wakichwa, ambapo kila kaya hutoa mtu, na mkutano ndio unaoamua kazi gani itangulie. Wageni huunganishwa na minga. Hawapewi mradi wao wa pembeni. Matokeo yake ni kwamba kuna siku ambazo hakuna ujenzi kabisa, kwa kuwa kijiji kimeamua kwenda kukarabati daraja la miguu au kusafisha njia ya shule. Wakala hakulieleza hili vizuri, na ratiba yake yenye saa na dakika haikuwa na maana yoyote huko. Kwangu mimi hiyo ni dalili njema: ukifika mahali pa namna hii ukakuta mradi unaendelea hata wanakijiji wanapokuwa na shughuli nyingine, uliza mradi huo ni wa nani.

Upande wa uhifadhi unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu matarajio ya wageni na hali halisi hutofautiana sana. Wengi huja wakiwa na picha ya kupanda miti. Miti ilipandwa kweli, lakini kwa muda mfupi, na hakuna aliyeipa kazi hiyo umuhimu mkubwa kuliko inavyostahili, kwani msitu ambao haujaguswa huota wenyewe. Muda mwingi tulikuwa kwenye kitalu, tukijaza udongo kwenye viriba na kutunza miche ya miti ya mbao na ya matunda, na kwenye chakra, shamba la kimila ambalo muhogo, ndizi, kakao, guayusa (mti ambao majani yake huchemshwa na kunywewa kama chai), dawa za mitishamba na miti mirefu huota pamoja chini ya uangalizi ambao kwa kiasi kikubwa ni wa wanawake. Mwaka 2023 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua chakra ya Amazoni ya Ekuador kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu duniani. Kupalilia chakra pamoja na akina mama wanaokuonyesha mche upi ni gugu na upi ni dawa, huku wakikuzuia kwa upole usiyang'oe yote mawili, kulinifundisha kuhusu uhifadhi kuliko maelezo yoyote niliyowahi kuyasoma. Kijiji kinaulinda msitu kwa sababu kinaula, kinajitibu kwao na kinajengea miti yake.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kufyeka mkuza wa mpaka. Tulitembea na vijana wa kijiji kwa panga na kifaa cha kupimia mahali, tukisafisha mstari unaotenganisha ardhi ya jamii na ya majirani, na kurudishia alama zilizoanguka. Hakuna mandhari ya kuvutia wala wanyama wa kupigwa picha. Kuna matope, mchwa na mgongo unaouma. Lakini mpaka usioonekana hauwezi kutetewa. Tangu mwaka 2008 serikali ya Ekuador imekuwa na mpango uitwao Socio Bosque, ambao huzilipa jamii na wenye ardhi wanaoahidi kutoukata msitu wao, na ahadi ya namna hiyo huhitaji eneo linalojulikana linapoanzia na linapoishia. Mvamizi anayetafuta dhahabu au magogo naye huanzia pale ambapo hakuna dalili ya mwenye mali. Kama ningelazimika kuchagua kazi moja tu ambayo mtu mwenye afya njema na asiye na ujuzi wowote anaweza kuifanya na ikawa na faida, ningechagua hii.

Sifa nyingine iende kwa viongozi wa kijiji kwa jioni waliyotenga kutueleza historia yao kisheria. Walieleza kwamba Katiba ya mwaka 2008, katika Ibara ya 57, inazipa jamii za asili haki za pamoja, ikiwamo haki ya kushauriwa kabla ya miradi ya uchimbaji katika ardhi zao, na kwamba Ibara ya 71 inaitambua asili yenyewe kuwa na haki. Walizungumzia Wakichwa wa Sarayaku, mkoani Pastaza, ambao kampuni ya mafuta iliingizwa katika ardhi yao bila kushauriwa, na ambao mwaka 2012 walishinda dhidi ya serikali katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya mataifa ya Amerika. Walizungumzia pia Waorani wa Pastaza, jamii nyingine ya asili, walioshinda kesi ya kufanana na hiyo katika mahakama za nchini mwaka 2019. Na kura ya maoni ya Agosti 2023, ambapo takribani asilimia 59 ya wapiga kura wa Ekuador waliamua mafuta ya eneo linaloitwa ITT ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yasuní yabaki ardhini. Aliyesikiliza mazungumzo hayo alielewa kesho yake kwa nini alikuwa akifyeka mkuza. Ningependa jioni hiyo iwe ya kwanza baada ya kufika, si katikati ya safari kama ilivyokuwa kwetu.

Onyo moja ni la lazima hapa, ingawa halihusu kijiji hiki. Ndani ya Yasuní wamo Watagaeri na Wataromenane, watu waliochagua kuishi bila kukutana na jamii nyingine, na ugonjwa wa kawaida kwetu unaweza kuwaua. Mwandaaji yeyote wa safari anayekuahidi kuwaona watu kama hao anavunja sheria na anahatarisha maisha yao. Usimpe hata senti. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu mwenye homa au kikohozi aahirishe kuingia hata katika kijiji kilichozoea wageni.

Malazi ni ya kawaida na yanatosha: kitanda cha mbao, chandarua kizima, choo safi cha nje. Chakula ni muhogo, ndizi, mchele, mayai na samaki, na hutapewa nyama kila siku. Alfajiri kabla ya kucha familia hukusanyika motoni kunywa guayusa, na anayealikwa aende, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya siku inapopangwa. Chicha, kinywaji cha muhogo uliochachushwa, huletwa kwa wafanyakazi wakati wa minga. Kuikataa bila neno huonekana kuwa ni dharau, lakini kunywa kidogo na kushukuru hupokelewa vizuri.

Sasa wakala. Ada yake ni mamia kadhaa ya dola kwa wiki, na tulipoomba kwa maandishi mchanganuo wa fedha hizo tulipewa sentensi nzuri zisizo na tarakimu. Mtunza hazina wa kijiji, kwa upande wake, alitufungulia daftari bila kuombwa mara ya pili, na ilionekana wazi kwamba kiasi kinachofika kijijini ni chini ya nusu ya tunachotoa. Sisemi kwamba wakala hana gharama halali, kwani kuna usafiri, simu na mishahara. Ninasema kwamba anayewauzia watu nafasi ya kuisaidia jamii fulani anawajibika kuonyesha jamii hiyo inapata nini, na asipoweza, msomaji amchukulie kuwa ni wakala wa utalii wa kawaida. Kosa lake la pili ni kukubali watu wa wiki moja. Katika wiki ya kwanza mgeni hula, huuliza, huteleza na hufundishwa. Faida yake kwa kijiji huanza baada ya hapo. La tatu ni kuwahakikishia wateja kwamba Kihispania si lazima. Mafundi hawazungumzi Kiingereza, na mtu asiyeelewa neno la kumwambia asisimame chini ya boriti inayopandishwa ni hatari kwake na kwa wenzake.

Kwa kijiji natoa nyota tano. Kwa wakala natoa mbili, na hizo ni kwa sababu usafiri wake ulifika kwa wakati na bima ilikuwa halali. Ningependekeza kazi hii kwa mtu mwenye angalau mwezi mzima, anayeweza kubeba mzigo katika joto na unyevu, na asiyehitaji kusifiwa kila jioni. Zipo jamii katika bonde la Napo ambazo zimethibitisha kwamba zinaweza kuendesha shughuli za wageni zenyewe, kama Wakichwa wa Añangu wanaomiliki nyumba ya wageni ya Napo Wildlife Center ndani ya Yasuní, kwa hiyo hakuna sababu ya kuamini kwamba lazima awepo mtu wa kati. Viongozi wa kijiji walituambia wanapokea maombi ya moja kwa moja kwa Kihispania, na kwamba mkutano mkuu huyajadili kabla ya kujibu, jambo ambalo linaweza kuchukua wiki kadhaa.

Atakayekwenda achanjwe homa ya manjano mapema na azungumze na daktari kuhusu malaria. Mabasi kutoka Quito hadi Tena huvuka milima ya Andes kwenye baridi kali karibu na Papallacta kabla ya kushuka kwenye joto, hivyo sweta lisifungiwe chini ya mzigo. Abebe noti ndogo za dola, kwa kuwa maduka ya vijijini hayana chenji ya noti kubwa, na kama mguu wake ni mkubwa aje na buti zake za mpira, maana saizi hizo ni shida kupatikana huko.