Hedfoni za HS-30 na maiki ya kooni T-30 kwa deraya la M3: nunua, ila soma maandishi kwanza

Wakuu mnaofufua magari ya vita ya pili, hasa half-traki za M3, lile deraya la Marekani lenye matairi mbele na minyororo nyuma, najua mkishapata redio ya SCR-508 au SCR-528 mnaona kazi imeisha. Bado! Unakuta gari limepigwa rangi safi, redio inawaka, halafu kichwani mtu kavaa hedfoni za miaka ya hamsini, inauma kweli kuangalia.

Huku Uingereza kwenye maonyesho ya magari ya jeshi na kwa wauzaji wa mtandaoni, ukiulizia hedfoni za tanki wanakupa chochote. Mara H-16/U, ambazo ni za enzi za vita ya Korea, mara HS-33, hizo za vita ni kweli ila ni za kwenye ndege na plagi yake ni nyekundu, na omu zake (ukinzani wa umeme) ni ndogo kwa hiyo hata ukizichomeka sauti haikai sawa. Kuna muuzaji alinitumia H-16/U huku tangazo limeandikwa 1943, nikamrudishia mzigo na mpaka leo anabisha.

Sasa HS-30 ndiyo yenyewe. Ni vispika viwili vidogo, upana wake kama kifungo cha koti, vina ncha za raba zinazoingia ndani ya sikio kabisa, na mkanda wa kichwani ni mwembamba mno. Wembamba huo ndio siri yake maana ilitengenezwa mtu aivae chini ya helmeti ya chuma ya M1 bila kusumbuka. Wengi wanakimbilia helmeti ya tanki ya M1938 yenye vispika vya R-14, ni nzuri sikatai, ila bei imepandishwa na wakusanyaji, halafu kwenye half-traki waliopanda ni askari wa miguu wenye M1, kwa hiyo HS-30 inakaa sahihi zaidi na hela inabaki mfukoni.

Ukiishika mkononi geuza kispika, utafute maandishi R-30, ndilo jina la kispika chenyewe. Fuata waya mpaka kwenye kile kijitransfoma C-410, usome kibandiko cha Signal Corps, kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani. Namba ya oda ikiishia na PHILA-43 au PHILA-44 ujue iliagizwa kupitia Philadelphia miaka hiyo, umepata. Raba za asili karibu zote zimekauka, weka za kopi, zikishaingia sikioni hakuna anayeziona. Sauti? Besi sahau, ila maneno yanasikika vizuri hata injini ikinguruma na minyororo ikipiga kelele, na hicho ndicho tunachotaka.

T-30 ni ule mkanda wa shingoni wenye vidonge viwili vya kaboni, vinachukua mtetemo wa koo lenyewe ndiyo maana kelele za injini haziingii sana. Hapa kuweni makini, kaboni ikikaa na unyevu miaka yote hiyo inagandana na maiki inakuwa bubu. Nenda na mita yako, weka kwenye omu, gonga kidonge kwa kucha taratibu, sindano ikicheza maiki iko hai, ikitulia tuli mrudishie mwenyewe. Yangu ilikuwa haichezi vizuri mwanzoni, nikaigongagonga ikaamka, sasa hivi dereva na mtu wa redio wanaongea kupitia vile viboksi vya BC-606 vya maongezi ya ndani ya gari bila kupiga makelele.

Kinachotesa ni kebo ya CD-318, ile yenye swichi ya SW-141 ya kubana kifuani, unabonyeza ndipo unaongea. Bila hiyo T-30 ni pambo tu. Wauzaji wamegundua hilo, wanaichomoa kwenye seti na kuiuza peke yake kwa bei ya kukomoa, na nyingi zimepasuka pale waya unapoingia kwenye swichi. Kwa hiyo ukiona seti nzima, hedfoni, maiki na kebo pamoja, usianze kujadiliana sana, lipa ondoka nayo.

Seti hii naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya kebo. Mwenye SW-141 ya ziada hata kama ndani ni mbovu, ganda likiwa zima naichukua, natafuta ya mtu wa nyuma.