Nimeitumia DSP2 kupimia mifupa ya nyonga: haya ndiyo maoni yangu

DSP2 ni programu ya kompyuta inayokadiria jinsia ya mtu kutokana na vipimo vya mfupa wake wa nyonga. Kabla yake tulikuwa na fomula za zamani: pima mfupa, zidisha, jumlisha, ukipita sufuri ni mwanamume, ukishuka ni mwanamke. Mfupa uliovuka mstari kwa nukta moja ulihesabiwa sawa na ule uliovuka kwa mbali. Hilo lilinikera, hasa kwa kuwa nyingi zilitungwa kwa mifupa ya Marekani na Ulaya, nasi tukizitumia Nairobi kana kwamba maumbo ya watu ni mamoja kila mahali.

DSP2 ilitolewa 2017 na mtafiti Brůžek na wenzake. Ni ya bure, na inakwenda vizuri hata kwenye laptopu yangu ya mtumba kutoka Luthuli Avenue. Unaingiza vipimo vya nyonga kwa milimita, visipungue 4, visizidi 10, nayo inakupa uwezekano wa kila jinsia. Usipovuka 0.95, haitaji jinsia. Imejengwa kwa mifupa 2,040 ya watu wazima waliojulikana jinsia, sampuli 12, za Afrika zikiwemo.

Juzi nyonga moja ya kufundishia ilitoka 0.91 upande wa kike. Msimamizi wangu akasema, "Si uandike mwanamke tu, tumalize?"

"Daktari, programu imekataa."

Akainama kwenye skrini, akaguna, tukaandika "haijabainika". Mimi naipendea hapo hapo. Kwenye sampuli ya watengenezaji, inapokubali kujibu hupatia angalau 99%, na mtu anayesubiri ripoti anastahili jibu la namna hiyo au asipewe kabisa.

Kero zipo. Mfupa wa kinena ni mwembamba na ukizikwa huvunjika mapema, basi PUM na SPU, vipimo viwili vya eneo hilo, vinapotea, navyo ndivyo vyenye msaada mkubwa. Vipimo vyote 10 vikiwepo, zaidi ya 90% ya mifupa hupata jibu. Ukibaki na 4 hafifu, jiandae kuona "haijabainika" mpaka uchoke. Kipimo cha VEAC ni rahisi, unapima tu kikombe kinachopokea kichwa cha paja. IIMT, ya lile pengo kubwa la nyuma, hunitoa jasho: ncha ya mfupa ikilika kidogo tu, hujui kalipa, kile kifaa cha kupimia, uianzishie wapi.

Nyota 4 kati ya 5. Kama ulicho nacho ni fuvu peke yake, au mifupa ya mtoto, usipoteze bando kuipakua.